Koti la Mwanjelwa kwenye Baridi ya Ujerumani: Siku Kumi na Saba za Majilio

Nimerudi Tukuyu wiki tatu sasa. Safari nzima niliiandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma. Ukurasa mmoja umelowa mvua ya Dresden na mwingine una doa la mchuzi wa bata bukini, lakini maandishi yanasomeka. Pale mwandiko uliponishinda nimetazama picha za simu. Naandika kwa ajili ya yeyote anayefikiria kwenda Ujerumani mwezi wa Desemba, hasa wanawake wenzangu wanaojiuliza watavaa nini.

Kabla ya safari: koti

Tukuyu tunaijua baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka toka Mlima Rungwe na mtu haachi sweta mpaka saa nne asubuhi. Kwa hiyo mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo anayesomea uuguzi Nürnberg, aliponionya kwa simu, sikumtilia maanani sana. Akaniambia, "Dada, baridi ya huku haipigi. Inaingia."

Nikaenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, siku ya kufungua mabelo ya mitumba. Nilipata koti la sufu la kijani kibichi kilichokolea, refu mpaka chini ya magoti, kwa shilingi 25,000. Lebo ya ndani ilikuwa na maelekezo ya kufua kwa Kijerumani. Koti lilikuwa limetoka kule kule ninakokwenda! Sufu ilikuwa nzima kabisa, mishono imetulia, ila bitana ilikuwa imechanika kwapani na kufifia. Nikaifumua yote, nikaitumia kama kiolezo, nikakata kitenge cha buluu na njano nilichokuwa nimekiweka akiba tangu harusi ya kaka. Nikaongeza mfuko wa ndani wenye zipu kwa ajili ya pasipoti. Kazi ilinichukua jioni tatu.

Jambo la pili nililofanya ni kushonea bitana ya satini ndani ya mzula. Mwenye nywele za asili au aliyesuka ataelewa: sufu tupu inakausha nywele na kuzikata kwenye paji la uso. Robo mita ya satini inatosha mizula miwili.

Kuhusu viza: ada ya Schengen kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari inatakiwa iwe ya euro 30,000 au zaidi. Siku hizo euro moja ilikuwa kati ya shilingi 2,500 na 2,800. Anza mapema, mimi nilianza miezi mitatu kabla.

Alhamisi, 28 Novemba 2024: Frankfurt hadi Nürnberg

Songwe, Dar es Salaam, usiku mmoja angani na kiwanja kimoja cha kubadilishia ndege ambacho sikuona zaidi ya viti vyake. Frankfurt tulitua alfajiri. Begi langu halikutua. Nilisimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa, nikajaza fomu, nikaambiwa litaletwa nyumbani. Lililetwa siku ya nne. Masweta, taitsi za sufu, unga wa ugali wa mdogo wangu, vyote vilikuwa humo. Nilichokuwa nacho ni koti mwilini, mzula, na kile kimfuko chenye zipu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: koti na buti usivipakie kamwe, vivae, hata kama Dar utatokwa jasho.

Basi la masafa marefu mpaka Nürnberg lilinigharimu euro 18. Mdogo wangu alikuwa kituoni ameshika sweta lake mkononi. Hakunisalimia kwanza, alinivisha.

Ijumaa, 29 Novemba: soko linafunguliwa

Soko la Krismasi la Nürnberg, Christkindlesmarkt, hufunguliwa Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani majuma ya kungoja Krismasi, saa kumi na moja na nusu jioni, na huendelea mpaka tarehe 24 Desemba. Tulifika uwanja wa Hauptmarkt saa kumi na giza lilikuwa tayari linashuka. Watu walikuwa wamebanana hivi kwamba baridi ilipungua.

Taa zikazimwa zote. Kwenye roshani ya kanisa la Frauenkirche akatokea binti, Christkind (Mtoto Kristo) mwenyewe, mwenye taji na nywele za dhahabu, akasoma shairi la ufunguzi. Mdogo wangu alinitafsiria sikioni, lakini nakiri macho yangu yalikuwa kwenye vazi. Ni jeupe na la dhahabu, na mikono yake imekunjwa mikunjo myembamba iliyopangwa kama karatasi, ili akiinua mikono iwe mabawa. Hakuna aliyemfunga mabawa mgongoni, ni mikono ya nguo tu! Nilichora mchoro wake kwenye daftari gizani, kwa vidole vilivyokufa ganzi. Mdogo wangu aliniambia binti huchaguliwa mmoja wa mji, wa umri wa miaka 16 hadi 19, na hushika nafasi hiyo miaka miwili.

Vibanda vyote vina paa la kitambaa cha mistari myekundu na myeupe. Kwa mbali ni kama mtu ametandika khanga juu ya uwanja mzima.

Nilikula soseji tatu ndogo ndani ya mkate mmoja, euro 5. Soseji za Nürnberg zina urefu wa sentimita 7 hadi 9 tu, na kwa sheria ya Ulaya haziwezi kuitwa hivyo kama hazikutengenezwa mjini humo. Zina harufu ya majoramu na moshi wa kuni. Baadaye tulikunywa kinywaji cha moto. Wengi hunywa Glühwein, divai nyekundu iliyochemshwa na karafuu na mdalasini. Sisi hatunywi pombe, tukachukua Kinderpunsch, ya matunda, yenye viungo vile vile. Funda la kwanza lilinirudisha jikoni kwa mama siku ya pilau.

Mtakaokwenda: kikombe ni cha kauri na unakitolea amana ya euro kadhaa, ambayo unarudishiwa ukikirudisha. Au unaondoka nacho kama kumbukumbu. Bebeni sarafu, vibanda vingi bado vinataka fedha taslimu. Nilipokuwa nahesabu sarafu zangu kwenye mwanga hafifu nikakumbuka kwamba neno letu "hela" lilitoka kwenye heller, sarafu ya enzi za Mjerumani kwetu. Na "shule" nayo ni yao. Historia ile haikuwa nyepesi, na Kusini tunaikumbuka vizuri kuliko wengi. Bado nilifurahi kumwambia muuzaji neno hela. Aliandika kwenye karatasi.

Jumapili, 1 Desemba: mshumaa wa kwanza

Jumapili maduka karibu yote hufungwa, kweli kweli. Kama huna chakula ndani utategemea vituo vya treni.

Sisi tuliokolewa na bibi mwenye nyumba, anayekaa ghorofa ya chini. Alimwita mdogo wangu na "dada yake kutoka Afrika" kwa chakula cha mchana. Mezani palikuwa na shada la matawi ya msonobari na mishumaa minne, mmoja tu umewashwa. Kila Jumapili ya Majilio huongezwa mmoja. Desturi hiyo ilianza Hamburg mwaka 1839, kwa mchungaji Johann Hinrich Wichern aliyekuwa akilea watoto wa maskini na kutaka wahesabu siku za kungoja Krismasi.

Chakula: bata bukini wa kuokwa, ngozi yake inavunjika kwa sauti, kabichi nyekundu iliyopikwa na tufaha na karafuu, na madonge ya viazi meupe makubwa kama ngumi. Lile donge unalipasua na kulizamisha kwenye mchuzi. Niliona ajabu jinsi lilivyonikalia tumboni kama ugali, na nikamwambia bibi hivyo. Doa la daftarini ni la siku hiyo.

Nilipovua koti mlangoni, bibi aliona bitana. Akalishika, akaligeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono. Akasema kitu kirefu. Mdogo wangu akanitafsiria: anauliza nani kafanya kazi hii, na kama unaweza kulifanyia la kwake.

Jumatatu hadi Alhamisi, 2–5 Desemba

Mvua nyepesi, nyuzi 3, mdogo wangu kazini. Nilitembea peke yangu.

Saa sita mchana kila siku watu husimama mbele ya Frauenkirche kutazama saa ya ukutani: sanamu za wakuu saba waliokuwa wakimchagua mfalme wa dola la kale huzunguka mbele ya Kaisari Karl wa Nne. Saa hiyo inatembea tangu 1509. Nilikwenda mara tatu.

Siku nyingine ilikuwa ya Lebkuchen, keki bapa za viungo zinazookwa juu ya kaki nyembamba kama ya ushirika. Aina bora huitwa Elisen: unga hauruhusiwi kuzidi asilimia 10, na lozi, jozi na jamii zake zisipungue asilimia 25. Ndiyo maana ni laini na nzito. Mji huu ulikaa kwenye njia za biashara, viungo vikipanda kutoka Venice, na msitu wa jirani ulikuwa na wafuga nyuki. Asali na viungo vikakutana. Mdalasini, karafuu, iliki, tangawizi, kungumanga: msomaji wa Unguja angezitambua zote kwa pua akiwa amefumba macho. Nunueni zilizofungwa kwenye makopo ya bati, zangu zimefika Tukuyu bila kuvunjika.

Kuhusu mavazi, nilichojifunza kwa kutazama watu barabarani ni hiki. Nje ni nyuzi 2, ndani ya duka au treni ni zaidi ya 20. Anayevaa sweta moja nene sana ataungua ndani na kuganda nje. Wenyeji huvaa tabaka: shati jembamba la sufu mwilini, sweta la kati, koti. Pamba mwilini haifai kwa sababu inashika jasho na kukupoza. Buti ziwe na nafasi ya soksi mbili, mguu uliobanwa hupoa upesi. Na nililihisi kwa mkono kwenye duka la nguo za Kibavaria: koti la loden, sufu iliyoshindiliwa kwa maji mpaka ikafungamana na kukataa mvua. Bei yake ilikuwa zaidi ya cherehani yangu. Sweta langu nililinunua duka la mitumba, euro 9. Ndiyo, nao wana mitumba, na hawaoni haya.

Mji mzima huvaa nyeusi, kijivu na buluu nzito. Mimi nilivaa sketi ya kitenge juu ya taitsi ya sufu baada ya begi kufika, na mara nne nilisimamishwa na watu waliotaka kuniambia tu kwamba rangi zimewafurahisha. Msiache vitenge nyumbani. Vinakaa vizuri juu ya joto.

Usiku wa tarehe 5 mdogo wangu aliniambia nitoe buti zangu nje ya mlango, zikiwa safi. Asubuhi ya tarehe 6, sikukuu ya Mtakatifu Nikolaus, nikakuta ndani machenza mawili, jozi, na soksi nene za sufu zilizofumwa kwa mkono, za kijani kama koti langu. Bibi alikuwa ameshakwenda sokoni. Nilikaa kwenye ngazi nikazivaa pale pale.

Ijumaa, 6 Desemba: reli mpaka Dresden

Tiketi inayoitwa Deutschlandticket iligharimu euro 49 kwa mwezi wakati huo, ikihusu treni zote za mikoa, mabasi na tramu nchi nzima, si treni za kasi. Lakini ni usajili unaoendelea: usipoufuta kabla ya tarehe 10 ya mwezi, utakatwa mwezi unaofuata. Wekeni kengele kwenye simu.

Nürnberg hadi Hof, kisha treni nyingine hadi Dresden. Hof treni yangu ilifutwa. Saa nzima na robo kwenye jukwaa lenye upepo. Mama mmoja mwenye mtoto wa miaka kama mitano alinisogelea, akaniuliza kwa ishara kama nakwenda Dresden, akanichukua kwenye chumba cha kungojea ambacho sikujua kipo. Mtoto alinitazama muda mrefu, akafungua mfuko wake, akanipa Nikolaus wa chokoleti. Alikuwa naye mmoja tu. Nikakataa, mama akasisitiza, tukamgawana watatu.

Kati ya Plauen na Zwickau kaeni dirishani. Treni hupita juu ya Göltzschtalbrücke, daraja la matofali lililokamilika mwaka 1851, urefu wake kwenda juu mita 78, matofali zaidi ya milioni 26. Ukiwa juu huoni daraja, unaona bonde limetoweka chini yako.

Baada ya saa kumi giza likaingia, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu husifu jimbo la Saxony wakati wa Majilio. Karibu kila dirisha la vijijini lilikuwa na upinde wa mbao wenye mishumaa ya umeme. Ni desturi ya wachimba madini wa milima ya Erzgebirge, ambao majira ya baridi waliingia shimoni gizani na kutoka gizani. Kijiji baada ya kijiji, nyumba hata ya mtu mmoja, upinde dirishani. Sikuandika kitu, nilitazama tu.

Jumamosi, 7 Desemba: mkate wa siagi

Soko la Dresden, Striezelmarkt, limetajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1434. Striezel ni jina la zamani la Stollen, mkate mzito wa zabibu, lozi na maganda ya machungwa, uliofunikwa sukari nyeupe ili ufanane na mtoto Yesu aliyefungwa nguo za kitoto. Nilifika bila kujua kuwa ndiyo siku ya sherehe yake, inayofanyika Jumamosi kabla ya Jumapili ya pili ya Majilio. Stollen kubwa mno ilipitishwa mjini kwa gari la farasi, waokaji wakiandamana na kofia zao nyeupe, kisha ikakatwa kwa kisu chenye urefu wa mita 1.6 na kuuzwa vipande kwa ajili ya misaada.

Zamani mkate huu ulikuwa mkavu na usio na ladha, kwa sababu Majilio yalikuwa mfungo na siagi ilikatazwa. Watawala wa Saxony wakamwandikia Papa, na mwaka 1491 Papa Innocent wa Nane akaruhusu siagi. Nilipokula kipande changu nilimshukuru kwa moyo.

Mvua ikashuka. Nilikimbilia kanisa la Frauenkirche la Dresden, lililobomoka kwa mabomu Februari 1945, likalala kifusi miongo mingi, na kufunguliwa tena Oktoba 2005. Mawe meusi ya zamani yamechanganywa na mapya meupe, na unaweza kuyahesabu. Kule mtoni nililiona daraja la Carola, ambalo sehemu yake iliporomoka Septemba ile ile. Watu walisimama kimya wakilitazama.

Kitanda cha hosteli usiku mbili: euro 64. Wikiendi za Desemba bei hupanda, wekeni mapema.

Jumapili na Jumatatu, 8–9 Desemba: Herrnhut

Hapa ndipo nilipokuwa nakwenda tangu mwanzo. Mimi ni Mmoravian, muumini wa Kanisa la Moravian. Wamisionari wa kanisa letu walifika Rungwe mwaka 1891, na kijiji kilichowatuma ni hiki, kilichoanza mwaka 1722 kwa wakimbizi wa imani kutoka Moravia. Leo Wamoravian wengi zaidi duniani wako Tanzania, na Herrnhut bado ni mji mdogo unaouzunguka kwa miguu kwa nusu saa. Julai 2024 uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia.

Treni ya alfajiri hadi Löbau, kisha basi. Mabasi ya Jumapili ni machache, pigeni picha ya ratiba. Niliingia kanisani ibada imeshaanza. Ukumbi ni mweupe wote: kuta, madirisha, mabenchi. Uliungua Mei 1945 ukajengwa upya. Nilikaa nyuma. Wimbo wa pili ulipoanza niliijua sauti, nikaimba kwa Kiswahili polepole, na mama aliyekaa mbele yangu akageuka akatabasamu akaendelea kuimba kwa maneno yake.

Mlangoni mzee mmoja mwenye fimbo alinitazama, nikamwambia Tansania, Rungwe. Akanyamaza. Halafu akasema, "Ugonile."

Kinyakyusa! Nyuzi 1, chembe za theluji hewani, na mtu ananisalimia kama nimekutana naye njia ya Tukuyu. Aliwahi kufundisha kwetu akiwa kijana. Nikamjibu, nikamwita baba, tukashikana mikono mpaka watu wakaanza kutuzunguka. Yeye na mkewe walinichukua kula supu ya dengu, kisha wakanipandisha kilimani kwenye makaburi. Mawe yote yamelala chini na yanafanana, wanawake upande mmoja, wanaume mwingine, tajiri hana jiwe kubwa kuliko seremala. Yaliyoinuka ni ya ukoo wa Zinzendorf, bwana aliyewapokea wale wakimbizi, katikati.

Jumatatu nilikwenda karakana ya nyota. Nyota ya Herrnhut ilianza kama zoezi la jiometri katika shule ya Wamoravian karne ya 19. Ina ncha 25: kumi na saba zenye kitako cha mraba, nane za pembetatu, na mahali pa ya ishirini na sita ndipo pa kuning'inizia. Wanawake wanazikunja kwa mikono, na nilisimama pale muda ambao mteja hukaa kungoja gauni. Nilinunua ya karatasi, na taa yake, euro 40 na ushee. Ncha hupangwa moja ndani ya nyingine, kwa hiyo haichukui nafasi begini. Umeme wao una nguvu sawa na wetu ila plagi ni ya pini mbili za mviringo, nunueni adapta.

Jumanne hadi Alhamisi, 10–12 Desemba: cherehani

Nilirudi Nürnberg kwa njia ile ile, safari hii bila kuchelewa. Siku mbili za mwisho sikwenda popote. Nilikaa sebuleni kwa bibi mwenye nyumba, mbele ya cherehani yake ya miguu, nikafumua koti lake la kijivu na kulitia bitana ya kitenge chekundu nilichokuwa nimemletea mdogo wangu. Mdogo wangu alikubali kukiachia kwa sharti moja, nami nikalikubali.

Bibi hakuniacha nilipie chochote. Alinipikia chai kila saa, na jioni ya pili alivaa koti akatoka nje kutembea bila kulifunga vifungo, baridi ile yote.

Sharti la mdogo wangu lilikuwa koti langu. La kwake ni la mpira, jepesi, na zamu zake huanza saa kumi na moja alfajiri. Nikamhamishia vifungo sentimita mbili, yeye ni mwembamba. Nilipanda ndege Frankfurt na masweta mawili na soksi za kijani.

Jumamosi, 14 Desemba: Tukuyu

Mvua kubwa, barabara ya kupanda kutoka Mbeya ina utelezi. Jioni tuliiunganisha nyota sebuleni kwa vibanio vyake, mama akiwa ameshika karatasi ya maelekezo ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Tuliitundika kibarazani saa mbili usiku. Watoto wa jirani walikuja kuhesabu ncha, kila mmoja na hesabu yake, mpaka mama akawapanga mstari na kuanza moja.